Mfereji Hufunguliwa na wa Chini

Wenzangu wa kikundi, najua mnanisema. Mnasema Mama Eliza alikwenda Njombe akiwa mzima akarudi na baridi kichwani, maana tangu arudi kila asubuhi anateremka bondeni mpaka kwa Mama Rehema, wanasemezana maneno mawili, halafu anapanda tena kwake huku kabichi zake zikinyauka. Wachache mmeniuliza usoni, na hao nawaheshimu. Basi nawaandikia wote kwa pamoja, nisije nikarudia habari moja kwenye kila jiko.

Mnakumbuka tulivyoachana. Chemchemi yetu imepungua, na bwana shamba ametaka bustani zote zilizo ndani ya zile mita sitini za sheria zifungwe. Ya kwanza kabisa ni yangu. Inaanza pale pale maji yanapotoka, nayo ni bustani aliyoniachia marehemu mama na iliyomsomesha Eliza. Mama Rehema, ambaye bustani yake ni ya mwisho huko chini na siku hizi haipati hata tone, alipiga makofi mkutano mzima ukasikia. Kisha akanitazama akasema, "Aliye juu mngoje chini." Neno lile lilinichoma. Nikasimama nikasema msiamue kitu mpaka nirudi, kwa kuwa nakwenda kwa mkwe wangu Njombe, ambako watu wanalima mabondeni tangu enzi za mababu zao, na nitawaletea ushahidi kwamba bustani haikaushi chemchemi. Niliondoka Lushoto nikiwa na hakika kabisa. Hakika hiyo ndiyo iliyoniponza, kama mtakavyoona.

Gunia la majani

Mkono mtupu haulambwi, na mimi siendi kwa wakwe mikono mitupu. Mama Festo, mama wa mume wa Eliza, tulionana mara moja tu siku ya harusi. Alinisimulia kwamba udongo wa mashamba yao ya mteremkoni unashuka na mvua. Kwa hiyo nilimkatia vipande vya majani ya guatemala, haya haya tunayopanda kwenye kingo za matuta yetu, nikavifunga kwenye gunia nililolilowesha maji.

Kondakta wa basi la Morogoro alilitazama gunia kana kwamba nimebeba maiti.

"Mama, hili linavuja. Lina nini?"

"Majani."

"Ya kupeleka wapi?"

"Njombe."

"Mama! Njombe kote ni majani!"

Basi zima lilicheka. Nikamwambia ndevu nazo ni nyingi, lakini si kila mwenye ndevu ni mchungaji. Hapo walimgeukia yeye kumcheka, na gunia langu likapata nafasi yake.

Nililala Morogoro kwa binamu yangu, asubuhi nikapanda basi la Njombe. Safari ile ingemfaa kila mkulima wa bustani aione. Pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa barabarani vyekundu vinang'aa, na wauzaji wanakimbia na basi kama wanataka kulisukuma. Tulipoanza kupanda Mlima Kitonga, lori lilikuwa limelala katikati ya kona. Tukakaa pale mpaka jua likageuka. Watu walishuka, wengine wakalala chini ya miti, mmoja akaanza kuhubiri. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa gunia. Nilinunua maji ya chupa nikayamimina juu ya majani, na mama mmoja aliyekuwa jirani yangu kwenye kiti alishindwa kuvumilia.

"Dada, mimi nauza miche na ninaijua huruma ya miche. Lakini maji ya dukani sijayafikia."

Huyo ndiye Mama Nuru, mfanyabiashara wa miche ya parachichi huko Lyamkena, Makambako. Mpaka lori linaondolewa tulikuwa tumeshagombana kuhusu mbolea, tumekula mahindi ya kuchoma pamoja, na amenikatalia kabisa kulala gesti. Usiku unapoingia ukiwa na mwenyeji wa namna hiyo, huogopi kitu.

Makambako, na mteja aliyefukuzwa

Mama Nuru aliniuliza kama nimebeba koti. Nikamwambia mimi ni wa Lushoto, baridi ya nani? Naomba niyarudishe maneno yale leo hadharani. Makambako kuna upepo usiobisha hodi. Unakuja kutoka uwandani, unapita kwenye kitenge, unapita kwenye sweta, unakaa ndani ya mifupa. Nililala na blanketi mbili na bado nikaamka nimejikunja kama kiwavi. Mama Nuru alinipa uji wa ulezi huku akitabasamu ndani ya kikombe chake.

Kitalu chake kiko nyuma ya nyumba, kimezungushiwa mabua upande wa upepo. Miche imepangwa safi, na niliposhika mmoja nikaangalia pale ulipobebeshwa tawi la mti mwingine, sikuona cha kukosoa, ingawa nilitafuta. Wakati ule aliingia mteja, mwanamume mwenye suti na viatu vya ngozi. Alitaka miche mingi ya kupanda bondeni kwake, chini kabisa kwenye majimaji, maana huko hatahitaji kumwagilia.

"Huko sikuuzii," Mama Nuru alisema.

"Pesa yangu ina kasoro?"

"Haina. Mparachichi ukisimama kwenye maji mizizi inaoza. Mti ukifa utawaambia watu Mama Nuru ana miche mibovu. Panda mlimani, bonde liachie maji yake."

Bwana yule aliondoka amenuna. Nilimwambia Mama Nuru amefukuza riziki. Akasema siku hizi kila mtu anataka parachichi, na watu wanapanda popote jembe linapozama, mpaka kwenye macho ya chemchemi, halafu maji yakikata wanalaumu mvua. Nilimjibu kwamba chemchemi haikaushwi na bustani. Akaniangalia kidogo.

"Unakwenda kwa wenye vinyungu," alisema. "Kawaambie wao."

Kinyungu ni bustani ya bondeni ya wenyeji wa kule, inayolimwa kiangazi. Mmoja kinyungu, vingi vinyungu. Alinieleza pia kwamba wakwe zangu wana mgowe, yaani kazi ya kusaidiana ambapo mtu anaita majirani kulima na wao wanakula na kunywa kwake. Aliposema kunywa alinikonyeza, na mimi nikajiweka tayari kuwa Mlutheri imara.

Mama Festo asiye wangu

Mkwe wangu siku ya harusi alisema yeye ni wa Wanging'ombe. Basi nikapanda gari la Wanging'ombe. Kuna kosa gani hapo? Nilishuka kijijini nikamwuliza mzee mmoja nyumbani kwa Mama Festo, naye akanipeleka mwenyewe, gunia langu begani kwake.

Mama Festo alikuwa anapepeta maharage. Hakufanana na niliyemkumbuka, lakini siku ya harusi kila mtu amepakwa poda, nani anajua sura ya mtu? Akanisalimu, "Kamwene," nikaitika, "Kamwene," kama Eliza alivyonifundisha. Akanikumbatia. Akaleta kiti, akaleta maji ya kunawa. Nikamwambia nimeleta salamu za mtoto wetu. Akafurahi sana, akamwita mwenzake amkamate jogoo.

Tulikula ugali na jogoo yule, mboga za maboga na parachichi lililopondwa na chumvi. Nilimsifu mkwe wangu kwa mapishi, naye akanisifu kwa kuja mbali. Ni baada ya kunawa mikono ndipo alipokaa vizuri, akaweka mikono magotini.

"Sasa mama, umeshiba. Naomba nikuulize. Wewe ni nani?"

Wenzangu, nilitaka ardhi ipasuke. Festo wake alikuwa kijana wa sekondari, hajaoa wala hajafikiria. Nikamwuliza kwa nini hakuuliza mapema, kabla jogoo hajafa. Alishangaa kweli kweli.

"Mgeni anaulizwaje kabla hajala? Akijibu vibaya utamnyima?"

Tulicheka mpaka majirani wakaja. Kumbe Wanging'ombe ni kijiji na pia ni wilaya nzima, na mkwe wangu alimaanisha wilaya. Yeye yuko upande wa Kidugala. Yule mama alinitafutia bodaboda, akamwagia gunia langu ndoo nzima ya maji, akanifungia viazi vya kuchemsha vya njiani. Mpaka leo ananipigia simu, ananiita mkwe.

Bondeni

Mkwe wangu wa kweli alinipokea kwa vigelegele jioni ile, na habari ya jogoo ikanitangulia kanisani. Siku iliyofuata alikuwa na jumuiya asubuhi. Akaniacha na chai na viazi, akasema nipumzike.

Mimi na kupumzika hatujuani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo. Mimi nilijipa mwenyewe siku ya pili. Niliteremka bondeni nikaviona vinyungu, na nasema kweli, moyo wangu ulipanda. Bonde zima ni kijani katikati ya kiangazi, vilima pande zote vimekauka rangi ya mkate. Matuta marefu yaliyoinuliwa, katikati yake mifereji, na ndani yake kabichi, njegere, mahindi machanga, viazi. Nikajisemea huu ndio ushahidi wenyewe, Mama Rehema atajificha wapi?

Ila kulikuwa na jambo lililoniudhi. Mfereji wa mkwe wangu ulikuwa umezibwa kwa mabonge ya udongo yenye nyasi, na maji yamesimama tu kati ya matuta. Nyie mnajua kwetu maji yakisimama mizizi inaoza, na tumelelewa kufungua mifereji kabla ya kunywa chai. Nikaona mkwe wangu ni mjane, hana wa kumsaidia, mfereji umeziba hajui. Nikachukua jembe nikayatoa yale mabonge, moja baada ya jingine, nikayarusha kando. Maji yakaondoka yanaimba. Nikanawa miguu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke chini kabisa, anapiga kelele kwa Kibena.

Nilikimbia. Nilimkuta mama wa makamo yangu hivi, amesimama ndani ya maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Ni Mama Upendo, mwenye kinyungu cha mwisho. Alikuwa ametoka kupanda njegere, na maji yangu yalikuwa yameshuka yakavunja matuta yake mabichi. Udongo mweusi ulikuwa unatiririka, na njegere zinaelea juu yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijitupa na mikono yangu kuziba, naye akaziba upande wake mpaka mkondo ukatulia. Juu, matuta ya mkwe wangu yalikuwa yamebaki na matope matupu.

Maneno ya mkwe

Walikuja wenye vinyungu wote, wametoka kwenye jumuiya na vitabu vyao vya nyimbo. Nilitegemea kufokewa, na ningejua la kujibu, maana mimi na kufokewa tumezoeana. Hakuna aliyefoka. Walisimama wakatazama, na mkwe wangu akainama. Aibu aliyoibeba kwa ajili yangu iliniuma kuliko matusi yoyote.

"Mama Eliza," alisema kwa upole, "kwetu mfereji hufunguliwa na wa chini."

"Wa chini yuko chini. Anafunguaje wa juu?"

"Kwa mdomo. Ukitaka kufungua, unateremka mpaka kwa wa mwisho, unamwuliza. Akisema fungua, unafungua. Akisema bado, unarudi."

"Na akisema bado mpaka mazao yako yaoze kwa maji?"

Hapo Mama Upendo alijibu mwenyewe, maji bado yanamchuruzika kwenye kanga. "Mama, wewe wa juu unaona maji yako tu. Mimi wa mwisho naona yaliyobaki. Nani anajua zaidi kama yanatosha?"

Mkwe wangu akanieleza pole pole. Yale mabonge yanasimamisha maji ili udongo uyanywe kwa chini chini, na matuta yameinuliwa kusudi mizizi isioze. Bonde likishiba hivyo linatoa kidogo kidogo mpaka mvua zinarudi. Likifunguliwa ovyo linamwaga yote kwa siku moja, na udongo unaondoka nayo. Halafu akanipeleka juu kwenye chemchemi yenyewe. Hapakuwa na tuta hata moja. Palikuwa na miti minene ya mivengi, mti wa matunda ya zambarau unaopenda kusimama penye maji, na chini yake kivuli na majani yaliyooza na maji yanatoka bila kelele. Tuta la kwanza lilikuwa mbali. Nilimwuliza kama ni mita sitini. Akasema hajui mita, alilikuta kwa mama mkwe wake hivyo, na siku sheria ilipokuja kupima haikumkuta pabaya.

Nilitamani angesema kitu kingine. Ile bustani niliyoiacha Lushoto inaanza pale pale penye jicho la maji, na nilijua ninachokitazama.

Mgowe

Aliyefungua bila ruhusa anaitisha mgowe kwa wa chini. Hiyo ndiyo adhabu yao, na haina nyingine. Kwa kuwa mimi sikuwa na nyumba kule, mkwe wangu alipika kwa niaba yangu, na asubuhi iliyofuata bonde zima lilikuwa kwenye kinyungu cha Mama Upendo na majembe. Niliwaonyesha kwamba hata Lushoto kuna mikono. Nilishika mstari wa kwanza na sikuuachia. Wanaume wawili walijaribu kunipita wakaishia kuomba maji.

Adhuhuri ilikuja ndoo ya kinywaji kizito, cheupe, chenye harufu ya uchachu. Nikakumbuka lile konyezo la Mama Nuru. Mwinjilisti wa usharika wao aliponikabidhi kikombe, nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba mimi ni mzee wa usharika, pombe sigusi, na nashangaa kumwona mtumishi wa Mungu akiigawa. Mwinjilisti akanusa kikombe chake, akanitazama kwa masikitiko makubwa.

"Mama, hii ni togwa. Kaipika mke wangu."

Togwa! Ile ile tunayonyweshana hapa tangu utotoni. Nilikunywa vikombe vitatu mfululizo kuonyesha toba, na kuanzia siku ile watoto wa kule waliniita Mama Togwa.

Tulipomaliza matuta nilileta gunia langu. Majani yalikuwa hai bado, kwa neema na kwa ndoo ya yule mkwe wa bahati mbaya. Nilianza kuchimba mstari ukingoni mwa kinyungu, lakini Mama Upendo akanishika mkono.

"Haya yanakunywa maji kiasi gani?"

Nikamwambia sijui kiasi, ila kwetu tunapanda mteremkoni.

"Basi nayo yakae mteremkoni. Bondeni nimeshaletewa wageni wa kutosha."

Watu walicheka, nami nikacheka. Tukapanda juu tukayapanda kwenye shamba lake la mahindi, mstari unaokatiza mteremko, jinsi tunavyopanda sisi, niliwaonyesha hata namna ya kulaza kipande ili kishike. Mama Upendo alisogea nyuma akautazama mteremko kwa muda mrefu. Akasema mvua zikija atanijulisha kama udongo umekaa. Nikamwambia utakaa. Kwa hilo bado nina hakika.

Njombe

Kabla sijaondoka mkwe wangu alinipeleka Njombe mjini. Ukungu ulikuwa mzito mpaka magari yaliwasha taa mchana. Sokoni nilishika kila kitu: viazi vyenye ngozi laini, mafungu ya parachichi, karoti zenye udongo bado. Tulikula chipsi zilizokaangwa mbele yetu, motomoto, tumeshika sahani kwa mikono miwili ili vidole vipate joto. Nilimnunulia kanga, yeye akaninunulia sweta, na wote tulijua ni ya nini.

Wakati wa kurudi alimwomba dereva asimame mahali pasipo na kituo. Tuliingia njia ya miguu kati ya mikaratusi mirefu iliyopandwa safu safu mpaka chini bondeni. Majani yake makavu yalikuwa yanavunjika chini ya viatu. Chini kabisa mkwe wangu akasimama akaniambia nitazame vizuri. Nikatazama. Chini ya nyasi kavu niliona migongo mirefu, mmoja baada ya mwingine, na mashimo katikati yake. Yalikuwa matuta.

"Hapa ndipo nilipozaliwa," alisema. "Kinyungu kile cha juu kilikuwa cha baba."

"Maji yalikwenda wapi?"

"Baba alitaka zaidi akalima mpaka kwenye jicho. Wa chini wakaona hawapati, wakachimba mifereji ya kina kuyavuta. Kila mmoja akafungua wake. Yalipopungua watu wakauza, walionunua wakapanda miti ya nguzo, na miti ikanywa yaliyobaki. Mama yangu alikuwa anakuja hapa na ndoo tupu, anakaa tu."

Akachuma jani la mkaratusi akalikunja mkononi. Niliona machozi yakimtoka, mimi nikamshika bega. Nililia pia. Sikulia kwa ajili ya mama yake tu. Nilikuwa naiona bustani ya mama yangu mimi, migongo chini ya nyasi, na Eliza akimwonyesha mtu.

Siku ya kuondoka alinipa kimche cha mvengi ndani ya kopo la rangi, kimefungwa majani mabichi. Gunia langu lilikuwa tupu, hivyo nikakivisha gunia. Kondakta wa basi la kurudi naye akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni mgonjwa, dereva aendeshe taratibu.

Nyumbani

Mkutano mliuona wenyewe. Mlinitegemea nipigane, na Mama Rehema alikuja amejifunga kibwebwe kabisa. Nikasema matuta yangu ya juu, yale yaliyo kwenye jicho la maji, nimeyaacha, na mche wa mvengi umeshapandwa pale. Nikasema bustani nyingine zisogee nyuma ya zile mita na zisifungwe, ila mifereji izibwe kwa udongo wenye nyasi, na asifungue mtu bila ruhusa ya wa chini. Mlikubali harakaharaka, nadhani kwa mshangao. Bwana shamba akasema atakuja kupima. Lakini wa chini ni nani? Hapo kila mtu alitazama viatu vyake, kwa maana kila mtu anajua.

Sasa mmepata jibu. Kila asubuhi nateremka na jembe begani. Siku ya kwanza Mama Rehema alidhani nimekwenda kumdhihaki, akanifungia mlango. Nilimngoja nje mpaka akatoka kumwaga maji ya vyombo. Nikamwuliza nifungue au nisifungue. Alinitazama, akautazama mfereji wake mkavu, akasema bado. Nikarudi. Mfereji ukizibwa maji yanazama chini kwa chini, hayafiki kwenye matuta yangu yaliyobaki; kabichi ni zangu na zinaniuma, msidhani naziona kama mawe. Kila siku namwuliza, kila siku ananijibu bado, na mimi napanda kilima huku nikitamani kumjibu lile la aliye juu. Silijibu.

Juzi nilimkuta hayupo nyumbani. Nilimkuta mwishoni mwa bustani yake, amechuchumaa, kiganja amekilaza ardhini. Aliniita kwa mkono bila kugeuka. Nikachuchumaa naye nikaweka kiganja changu kando ya chake. Udongo ulikuwa baridi. Ulikuwa na unyevu, wenzangu, kiangazi hiki, pale chini ambapo tulizoea vumbi.

Nikamwuliza, "Nifungue, Mama Rehema?"

Akachukua kibonge cha udongo ule akakiweka mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake.

"Bado, dada," alisema. "Lakini kaa kwanza, nina chai."